Sukari ya Saa Mbili: Mimea Yetu Mbele ya Kipimo



Niliombwa nizungumzie mimea na kisukari. Mada hiyo ni bahari, na mzungumzaji akijitosa humo huishia kutaja majina ya miti, mmoja baada ya mwingine, mpaka ukumbi usinzie. Kwa ruhusa yenu nimechukua kipande kimoja: yanayotokea kwenye damu katika saa mbili zinazofuata mlo, na kama dondoo za mimea zinaweza kuyabadilisha. Kwa dondoo namaanisha kile tunachokipata mmea unapochemshwa, kulowekwa, kukamuliwa au kusagwa, kisha kikanywewa au kutiwa kwenye chakula.

Nimechagua kipande hiki kwa sababu mbili. Kwanza, hapo ndipo mimea ilipo na ushahidi mzuri zaidi. Pili, hapo ndipo madai yanapopimika kwa urahisi: tone la damu, glukomita na saa. Mtu akisema mti wake unashusha sukari ya baada ya mlo, hatuna haja ya kumbishia wala ya kumsadiki kwa sababu ni mzee. Tuupime mti wake. Hoja yangu leo ni hiyo tu: mmea usipewe cheo kwa sifa wala usinyimwe kwa dharau, upimwe, na ukishapimwa upewe kazi unayoiweza.

Haja ni kubwa. Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu wazima milioni 537 duniani wanaishi na kisukari. Katika kanda ya Afrika walikadiriwa kuwa milioni 24, na zaidi ya nusu yao hawakuwa wanajijua. Kwa Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 uliwakuta na kisukari takriban watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Wengi wa watu hawa, kabla ya kufika hospitali au baada ya kutoka, hupita kwa mganga, kwa muuza dawa sokoni, au kwa jirani mwenye mti uani. Kuwakaripia hakujawahi kuwazuia.

Safari ya tonge

Tuanze na tonge la ugali. Wanga uliomo ni minyororo mirefu ya glukosi, na mwili hauwezi kuipitisha minyororo hiyo hivyo hivyo kwenye ukuta wa utumbo. Ni lazima ikatwe. Kimeng'enya cha amilesi kilicho kwenye mate huanza kuikata mtu anapotafuna. Tonge likifika tumboni, asidi huizima kazi hiyo polepole. Tumbo nalo huachilia chakula kidogo kidogo kwenda utumbo mwembamba, ambako amilesi nyingine, ile ya kongosho, huikata tena minyororo kuwa vipande vifupi. Vipande hivyo humaliziwa na vimeng'enya vilivyoshikamana na ukuta wa utumbo wenyewe, vya jamii ya alfa-glukosidesi, vinavyotoa glukosi mojamoja. Hapo glukosi hubebwa na protini maalumu za ukutani, huingia kwenye damu, hupita kwenye ini, kisha husambaa mwilini. Kongosho huitikia kwa kumwaga insulini, na insulini huziruhusu chembe za misuli na mafuta kuichukua glukosi hiyo.

Tazameni pantoni ya Kigamboni inapotia nanga upande wa Magogoni asubuhi. Idadi ya abiria ni ileile. Wakishuka wote kwa mkupuo, kituo hufurika na daladala hazitoshi. Wakishuka kwa makundi, kila mmoja hupata gari na njia inabaki wazi. Wanga ndio abiria, damu ndiyo kituo, na insulini ndiyo daladala. Mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili ana daladala chache, au zina hitilafu. Kwa hiyo kasi ya kushuka kwa abiria ina maana kubwa kwake kuliko kwa mtu mwingine.

Kasi hiyo ina vipimo vyake. Mtu hunywa gramu 75 za glukosi akiwa hajala tangu usiku, kisha hupimwa baada ya saa mbili. Sukari ikiwa chini ya milimoli 7.8 kwa lita, mwili unamudu. Ikiwa kati ya 7.8 na 11.0, kuna hatari inayobisha hodi. Ikifika 11.1 au zaidi, hicho ni kisukari, ingawa kwa mtu asiye na dalili daktari hurudia kipimo kabla ya kutoa hukumu. Wapo watu ambao sukari yao ya asubuhi, kabla ya kula, ni nzuri, lakini baada ya mlo hupanda kupita kiasi. Anayepimwa asubuhi tu huambiwa yu mzima, kumbe siye.

Sasa tuone mmea unaweza kuingilia wapi. Unaweza kulichelewesha tumbo lisimwage chakula haraka. Unaweza kuizuia amilesi. Unaweza kuvizuia vimeng'enya vya ukuta wa utumbo. Unaweza kuzizuia protini zinazobeba glukosi. Na unaweza, ukishaingia kwenye damu, kugusa kongosho, ini au misuli.

Angalieni tofauti. Njia nne za mwanzo hufanya kazi chakula kikiwapo. Dondoo inayozuia kimeng'enya cha utumbo, ikinywewa saa nne kabla ya mlo, huenda ikawa imekwisha kupita. Ile inayozuia amilesi haina la kufanya kwa mtu aliyekunywa soda, kwa kuwa sukari ya soda haikatwi na amilesi. Na yoyote kati ya hizo haiponyi kisukari. Hupunguza mwinuko wa mlo ule ule iliyoliwa nao. Kesho, kwa mlo mwingine, kazi inaanza upya. Mkiyashika haya matatu mtaweza kuyachuja madai mengi ya sokoni bila maabara.

Mimea iliyopita kwenye mizani

Mforsadi ndio mfano bora. Mwaka 1976 wanasayansi wa Kijapani waliripoti kwamba mforsadi una kemikali iitwayo deoksinojirimisini. Umbo lake linafanana mno na glukosi, isipokuwa palipokuwa na oksijeni pamekaa naitrojeni. Kimeng'enya cha utumbo hukishika kitu hicho kikidhani ni sukari, kikashindwa kukikata, na kwa muda kikawa hakina nafasi ya kushika sukari halisi. Majaribio kwa watu, waliopewa dondoo ya majani ya mforsadi pamoja na sukari ya mezani, yameonyesha kwamba mwinuko wa sukari ya damu hupungua. Kutokana na umbo la kemikali hiyo ilitengenezwa dawa ya vidonge iitwayo miglitoli. Kasoro yake inaeleweka kwa mtu anayejua safari ya tonge: sukari isiyokatwa huteremka hadi utumbo mpana, bakteria huichachusha, na mtu hujaa gesi, hujamba, na pengine huharisha.

Uwatu hufanya kazi kwa njia nyingine. Mbegu zake zina nyuzinyuzi zinazoyeyuka, ambazo zikilowekwa huwa ute mzito. Kila mama wa pwani aliyeloweka uwatu anaujua ute huo. Ndani ya tumbo, ute hulifanya rojo la chakula kuwa zito, tumbo hulimwaga polepole, na vimeng'enya huchelewa kuufikia wanga. Mwaka 1977 David Jenkins na wenzake walionyesha jambo hilo hilo kwa ute wa mbegu za guari na pektini ya matunda: sukari na insulini baada ya mlo vilipanda kwa kiasi kidogo kuliko kawaida. Jenkins ndiye aliyeongoza, mwaka 1981 huko Toronto, kazi iliyotupatia kipimo cha kupanga vyakula kwa kasi ya kupandisha sukari. Lakini ute ukichujwa, na mtu akanywa maji mepesi tu, amekwisha kuitupa sehemu kubwa ya dawa.

Tuje kwenye mbuyu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford Brookes, Uingereza, walichapisha mwaka 2013 kazi kuhusu unga wa ubuyu. Walipouoka ndani ya mkate mweupe, wanga uliokatwa upesi maabarani ulipungua. Walipowapa watu kinywaji chenye ubuyu pamoja na mkate, sukari ya damu ilipanda kidogo kuliko ilivyokuwa kwa maji matupu. Lakini katika jaribio la baadaye, lililotumia kiasi kidogo cha dondoo ndani ya mkate, mwinuko wa sukari haukubadilika kwa namna ya kuaminika. Kilichopungua ni insulini iliyohitajika. Hivyo kiasi ni kila kitu. Na kwa wale mnaotabasamu mkifikiria ubuyu wa Zanzibar na mabuyu ya Mombasa: hayo yamepikwa kwa sukari na rangi. Tafadhali msiyahesabu kuwa dawa.

Mlonge nao umepimwa kwa watu halisi wala si kwa panya pekee. Kazi iliyochapishwa mwaka 2018 ilifanyika katika kambi za wakimbizi Wasahrawi nchini Algeria. Watu wenye kisukari walikula mlo wao wa kawaida, siku moja ukiwa mtupu na siku nyingine ukiwa na gramu 20 za unga wa majani ya mlonge. Siku ya mlonge sukari yao ilipanda kwa kiasi kidogo kuliko siku ya mlo mtupu. Tatizo likawa ladha: gramu 20 ni nyingi, na chakula kiliharibika mdomoni. Sasa linganisheni na kijiko kimoja kidogo cha chai ambacho wengi wetu hukoroga kwenye uji, halafu hudai kimewaponya.

Limau limetoa matokeo yenye funzo. Mwaka 2021 watafiti wa Ufaransa walichapisha jaribio dogo la watu wazima wenye afya, waliokula mkate kwa maji, kwa chai au kwa maji ya limau. Chai haikubadilisha kitu. Limau lilipunguza kilele cha sukari kwa takriban asilimia 30, na kukichelewesha kwa zaidi ya nusu saa. Maelezo yanayokubalika ni kwamba asidi huizima amilesi ya mate mapema. Mkumbuke kwamba walikuwa wachache, na hawakuwa wagonjwa.

Mdalasini na karela ni habari nyingine. Mwaka 2003 jaribio la watu 60 nchini Pakistan liliripoti kwamba gramu 1 hadi 6 za mdalasini kwa siku, kwa siku 40, zilishusha sukari ya kabla ya kula kwa asilimia 18 hadi 29. Dunia ilikimbilia mdalasini. Mwaka 2012 mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, yalikusanya majaribio 10 yenye watu 577 na kuhitimisha kwamba hakuna ushahidi wa kutosha wa kuutumia kama tiba ya kisukari. Mwaka huo huo mapitio mengine ya Cochrane yaliangalia karela, katika majaribio 4 yenye watu 479, yakafikia hukumu kama hiyo. Na wanaomeza mdalasini kwa vijiko wajue kwamba aina ya kasia, ile ya bei rahisi, ina kumarini, kemikali inayoweza kuliumiza ini ikitumiwa kwa wingi kwa muda mrefu.

Funzo la mwaka 1982

Maharage yana protini inayoizuia amilesi. Mapema miaka ya 1980 wafanyabiashara wa Marekani waliikausha protini hiyo, wakaifanya vidonge, na kutangaza kwamba mtu angeweza kula tambi na mkate apendavyo bila wanga kuingia mwilini. Vidonge viliuzwa kwa mamilioni. Maabarani, ndani ya bomba la kioo, viliizuia amilesi kweli kweli. Mwaka 1982 kundi la madaktari wa Texas liliwapa watu mlo wa wanga pamoja na vidonge hivyo, kisha likakusanya kinyesi na kupima nishati iliyotoka. Kama wanga haukuingia mwilini, ulipaswa kuonekana pale. Haukuonekana. Mwaka huo huo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamuru biashara hiyo isimamishwe.

Kwa nini bomba la kioo liliwadanganya? Kongosho humwaga amilesi nyingi kupita mahitaji, na asidi na vimeng'enya vya tumbo huivunja protini hiyo ya maharage kabla haijafika inakotakiwa. Bomba la kioo halina kongosho wala tumbo.

Nawasihi wanafunzi walishike jambo hili, kwa maana majarida yamejaa kazi za mimea ya Afrika Mashariki iliyozuia amilesi au alfa-glukosidesi maabarani. Majani na magome mengi yana tanini, ile inayoleta ukakasi mdomoni. Tanini hushika protini yoyote inayokutana nayo. Ukiiweka kwenye bomba lenye kimeng'enya peke yake, itakishika na utaandika kwamba umepata dawa. Ndani ya utumbo uliojaa protini ya maharage, maziwa na dagaa, tanini hiyo hiyo ina vingi vya kushika kabla ya kukifikia kimeng'enya.

Panya nao wana mipaka. Dozi ya miligramu 400 za dondoo kwa kila kilo ya panya ni ya kawaida katika majarida. Ukiipeleka hivyo hivyo kwa mtu wa kilo 70, unapata gramu 28 za dondoo kavu. Hata kwa hesabu ya wataalamu, inayozingatia kwamba mwili mkubwa huchoma polepole, bado ni gramu nne na nusu za dondoo, nazo zimetoka kwenye rundo kubwa la majani.

Mti uliofika hospitalini

Wapo watakaoniuliza: je, basi hakuna mmea uliowahi kuwa dawa ya kweli ya kisukari? Upo, na wengi wenu mnautumia bila kujua asili yake. Galega ni mmea wa Ulaya wenye maua ya zambarau. Ulitumiwa huko kwa karne nyingi, na ndani yake kuna galegini, kemikali ya jamii ya guanidini inayoshusha sukari. Galegini yenyewe ilikuwa na sumu. Mwaka 1922, huko Dublin, Emil Werner na James Bell walitengeneza maabarani kemikali yenye undugu nayo, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matumizi yake kwa wagonjwa. Ndiyo metformini. Marekani haikuiidhinisha hadi mwisho wa mwaka 1994. Leo ndiyo kidonge cha kwanza kwa mgonjwa wa kisukari cha aina ya pili karibu kila mahali, na ni cha bei nafuu.

Mwingine ni mtofaa, mti wa matofaa ya baridi. Mwaka 1835 wanakemia wa Ulaya walitenga florizini kutoka kwenye gome lake. Mwaka 1886 Joseph von Mering alionyesha kwamba florizini huitoa sukari kwenye mkojo. Ilichukua zaidi ya karne moja kuelewa kwamba huzuia protini zinazobeba glukosi kwenye figo na kwenye utumbo, na kutengeneza dawa inayolenga figo peke yake. Dawa za jamii hiyo ziliingia hospitalini miaka ya 2010, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliziweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu.

Katika safari zote mbili mmea ulitoa wazo. Kazi iliyobaki ilikuwa kutenga kiambato, kukipima, kuondoa sumu, na kuhakikisha kidonge cha leo kina nguvu sawa na cha mwakani. Mti uani hauna uhakika huo. Majani ya kiangazi na ya masika hayafanani, wala ya mti mchanga na mkongwe, wala yaliyoanikwa juani na yaliyoanikwa kivulini.

Kuna mfano wa tatu, si wa mmea, lakini umetoka kwenye udongo wetu wenyewe. Akabosi ni dawa inayovizuia vimeng'enya vya utumbo, na humezwa pamoja na tonge la kwanza la mlo. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani iliitengeneza kutokana na bakteria wa jamii ya Actinoplanes. Ripoti iliyotolewa mwaka 2006 kuhusu rasilimali za kibayolojia za Afrika ilionyesha kwamba hati ya hataza ya kampuni hiyo iliitaja aina ya bakteria iitwayo SE50 kuwa imetoka Ziwa Ruiru, Kenya. Kampuni ilikiri kuwatumia bakteria hao wa Kenya. Ripoti haikuona ushahidi wa faida iliyorudi kwa Wakenya. Akabosi ilianza kuelezwa miaka ya 1970, kabla ya Mkataba wa Bayoanuwai na kabla ya Itifaki ya Nagoya, iliyoanza kutumika mwaka 2014 kuhusu mgawanyo wa faida. Leo sheria zipo. Lakini sheria humlinda anayejua alicho nacho, na asiyepima mali yake hajui thamani ya anachokigawa.

Hatari zisizotajwa sokoni

Mwaka 2011 barabara ya kwenda Samunge, Loliondo, ilijaa magari kwa kilomita nyingi. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile alitoa kikombe cha dawa ya mti wa mugariga kwa shilingi 500, na kisukari kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyosemekana kupona. Marehemu hakuwatoza watu fedha nyingi, na simhukumu. Nasema kuhusu hesabu. Mugariga ni wa jamii ya Carissa, na mti wa jamii hiyo, Carissa edulis, ulikwisha kuchunguzwa. Kazi iliyochapishwa mwaka 1996 ilionyesha majani yake yakishusha sukari kwa panya. Hata hivyo, tangu lini dawa inayoshusha sukari ikanywewa mara moja tu maishani? Hata metformini, yenye ushahidi wote ule, humezwa kila siku. Iliripotiwa kwamba baadhi ya watu waliokunywa kikombe waliacha dawa zao za hospitali. Kwa mgonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza, ambaye kongosho lake halitoi insulini, kuacha sindano ni suala la siku chache kati ya uhai na kifo.

Hatari ya pili iko upande wa pili: sukari kushuka kupita kiasi. Mtu anameza kidonge cha glibenklamidi, dawa ya hospitali ya kushusha sukari, anaongeza kikombe cha dondoo, kisha anachelewa kula. Akizimia, nyumbani watasema ni uchawi au presha.

Hatari ya tatu ni udanganyifu. Kati ya Januari na Mei 2008, wagonjwa 150 walilazwa hospitalini Singapore kwa sukari kushuka ghafla. Hawakuwa na kisukari. Walikuwa wametumia vidonge vya magendo vya nguvu za kiume, vingine vikiuzwa kama dawa za mimea, na ndani yake mlikuwa na glibenklamidi nyingi. Wanne walifariki. Kwa hiyo, ndugu zangu, mkiona unga wa miti unaoshusha sukari kwa kishindo ndani ya saa chache, msishangilie kwanza. Ulizeni kilichotiwa humo.

Tufanye nini?

Tanzania haijaanza leo. Kitengo cha utafiti wa tiba asili kilianzishwa Muhimbili mwaka 1974, na leo ni Taasisi ya Tiba Asili ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza la kuwasajili waganga. Kinachotupungukia ni majaribio madogo, safi, kwa watu.

Jaribio la sukari ya baada ya mlo halihitaji jumba la mabilioni. Watu wale wale wapewe mlo ule ule siku mbili tofauti: siku moja na dondoo, siku nyingine na kinywaji kinachofanana nayo kisicho na dawa. Ipi itangulie iamuliwe kwa kura. Wapimwe kabla ya kula, kisha baada ya dakika 30, 60, 90 na 120. Waombwe ridhaa, na watafiti wapate kibali cha kamati ya maadili. Chakula kiwe chetu: ugali wa sembe, wali wa nazi, chapati, muhogo wa futari. Dondoo iwe yenye kipimo, na matokeo yachapishwe hata kama mti umeshindwa. Hospitali ya wilaya yenye daktari mwenye hamu na mganga mwenye uaminifu inaweza kuifanya kazi hiyo.

Kwa waganga nasema: ukishirikiana na mtafiti, dai hati ya makubaliano kabla ya kutaja mti. Ni haki yako. Lakini nawe ukubali hukumu ya glukomita.

Kwa madaktari na wauguzi: mwulizeni mgonjwa kwa upole, "Mama, kuna kingine unachotumia nyumbani?" Akijua hutamgombeza, atakuambia. Akikuficha, utampandishia dozi ya kidonge juu ya kikombe usichokijua.

Kwa wagonjwa na jamaa zao: yapo mambo ya bure yenye ushahidi unaoshinda ule wa mimea mingi niliyoitaja. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, New York, waliwapa watu wenye kisukari chakula kile kile kwa mpangilio tofauti. Walipoanza na mboga na kitoweo, wakamalizia na wanga, sukari yao ya saa moja baadaye ilikuwa chini kwa zaidi ya theluthi. Kwa hiyo mchicha na samaki vitangulie, ugali ufuate, na tonge liwe dogo. Dona ina nyuzinyuzi nyingi kuliko sembe. Tembea kidogo baada ya kula badala ya kwenda kulala. Katika Ramadhani, usifungulie kwa kaimati, tambi na uji wa sukari kwa pamoja, halafu ukategemea karela ikuokoe.

Na mwenye hamu ya kutumia mti wake, asijifiche. Amwambie daktari, asiache dawa wala sindano, na apime: kabla ya mlo na saa mbili baada yake, siku za mti na siku zisizo na mti, akiandika kila namba. Kama tofauti ipo, itaonekana kwenye daftari. Kama haipo, aokoe fedha zake akanunue mboga. Mti ambao mwenye kuuuza anakataa upimwe, msiununue.